KUGEUZA MOTOKAA YA OTOMATIKI IWE YA GIA ZA MKONO

Motokaa nyingi zipitazo katika barabara za Kenya zilitumika kwanza Japani, kisha zikaletwa kwa meli mpaka bandari ya Mombasa na kuuzwa. Huko Japani watu wengi hupenda motokaa zijibadilishazo gia zenyewe, yaani zile ziitwazo otomatiki, na kwa sababu hiyo nyingi katika zilizoletwa ni za namna hiyo. Miongoni mwa zile za zamani ambazo bado zafanya kazi ni Toyota Corolla ya mtindo wa 110, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995. Injini ya motokaa hii, ikitunzwa vema, huweza kuishi miaka mingi sana, hata giaboksi ya otomatiki ikachoka na kufa kabla yake.

Hapo ndipo mwenye gari apatwapo na shida. Asubuhi moja anaweka gia ya kwenda mbele, injini inanguruma, lakini gari halisogei. Au pengine lasogea kwa kusitasita kama punda aliyelemewa na mzigo. Fundi anamwambia ya kuwa giaboksi imekufa. Kuitengeneza ni gharama kubwa, na kununua nyingine iliyokwisha kutumika ni kama kununua embe gizani, maana hali ya ndani haionekani. Basi wengi huuliza swali moja: Je, yawezekana kuiondoa giaboksi ya otomatiki na kutia ile ya gia za mkono?

Jawabu ni kwamba yawezekana, na kazi hiyo imefanywa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Lakini haifai kudhani kuwa ni kazi ya kutoa chombo kimoja na kutia kingine mahali pake. Ni kazi ya kubadilisha ukoo mzima wa vyombo, kuanzia mkia wa injini mpaka chini ya miguu ya dereva. Tena vile vidogo visivyoonekana ndivyo viletavyo hatari vikisahauliwa. Mwenye gari akiyafahamu mambo hayo kabla ya kutoa fedha zake, ataweza kumwuliza fundi maswali yafaayo, na kuitambua kazi njema na kazi mbovu.

NAMNA MBILI ZA KUPELEKA NGUVU

Injini ya petroli haiwezi kuunganishwa na magurudumu moja kwa moja, kwa kuwa injini haina budi kuendelea kuzunguka hata gari likisimama. Kwa hiyo lazima pawepo kitu katikati kiwezacho kuunga na kutenga.

Katika motokaa ya gia za mkono kitu hicho ni klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Sahani ya klachi hubanwa juu ya uso wa flaiwili kwa nguvu ya springi, na vyote viwili huzunguka pamoja. Dereva akikanyaga pedali ya kushoto, sahani huachiliwa, na nguvu ya injini haifiki tena kwenye giaboksi. Hapo aweza kubadili gia, kisha akaachilia pedali polepole na gari likaondoka.

Katika motokaa ya otomatiki hakuna pedali hiyo. Mahali pa klachi pana chombo cha mviringo kiitwacho konvata, nacho kimejaa mafuta. Mfano wake ni feni mbili zilizowekwa zikitazamana: ya kwanza ikizungushwa kwa umeme, upepo wake huizungusha ya pili, ingawa hazikugusana. Katika konvata ni mafuta yafanyayo kazi ya upepo. Wazo hilo la kupeleka nguvu kwa njia ya maji au mafuta lilibuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1905, naye alikusudia kulitumia katika meli. Baadaye kampuni ya General Motors ya Marekani ilitia giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940, na tangu hapo otomatiki zikaenea ulimwenguni.

Nyuma ya konvata mna gia zenyewe, pamoja na klachi ndogo ndogo nyingi zilowamazo katika mafuta, na mifereji myembamba ipelekayo mafuta yenye nguvu huku na huku. Mafuta yakichakaa, mifereji hiyo huziba na klachi hizo huungua. Ndiyo sababu giaboksi ya otomatiki hufa upesi mahali ambapo watu hawabadilishi mafuta yake.

Faida ya gia za mkono ni kwamba vyombo vyake ni vichache na hufahamika na mafundi wengi. Sahani ya klachi ikilika hubadilishwa peke yake, na giaboksi yenyewe huachwa ilivyo. Tena betri ikifa, gari la gia za mkono laweza kusukumwa likawaka, jambo ambalo haliwezekani kwa otomatiki za namna hii. Na katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Limuru kushukia Maai Mahiu, dereva aweza kuchagua gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari, ili breki zisipate moto. Otomatiki nayo ina gia za chini za kazi hiyo, lakini madereva wengi hawazitumii.

KWANZA, JE, IMEKUFA KWELI?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Giaboksi nyingi zilizohukumiwa kufa zilikuwa zaumwa tu. Kabla ya kuamua kugeuza gari, yafaa mambo manne yatazamwe.

La kwanza ni kipimo cha mafuta. Katika Toyota za namna hii mafuta hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa moto na ikizunguka, baada ya mkono wa gia kupitishwa katika kila gia na kurudishwa kwenye herufi P. Mtu akipima injini ikiwa imezimwa atadanganyika. La pili ni rangi na harufu. Mafuta mazuri ni mekundu. Yakiwa meusi na kunuka moto, klachi za ndani zimeungua. La tatu ni kebo itokayo kwenye mtambo wa kuvuta hewa wa injini mpaka giaboksi, iliyomo katika otomatiki nyingi za zamani. Kebo hiyo ikilegea, gia hubadilika kwa wakati usiofaa, na watu hudhani giaboksi imeharibika. La nne ni nyaya na vali za umeme, kwa zile giaboksi zinazoongozwa na kompyuta. Waya mmoja uliokatika waweza kulifanya gari lisite katika gia moja tu.

Ikiwa mambo hayo yote yametazamwa na giaboksi imeonekana kuwa imekufa kweli, hapo kuna haja ya kuufikiria ugeuzaji.

NUNUA UKOO MZIMA

Kosa kubwa ni kununua giaboksi peke yake kwa bei nafuu, kisha kuanza kutafuta vilivyobaki kimoja kimoja. Mwenye gari aliyefanya hivyo huweza kuzunguka maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, ambako wengi hupaita Grogan hata sasa, wiki baada ya wiki, huku gari lake limeinuliwa juu ya magogo. Iliyo njia bora ni kupata gari moja la gia za mkono, la mtindo ule ule na injini ile ile, lililopata ajali au kukatwa kwa ajili ya vipuri, na kununua kutoka kwake kila kitu kihusucho gia. Vyombo vilivyokaa pamoja tangu kiwandani hupatana.

Vitu vya kununua ni hivi: giaboksi, flaiwili na bolti zake, klachi pamoja na uma wake, ekseli mbili za magurudumu ya mbele, vikalio vya injini na vya giaboksi, pedali ya klachi na ya breki pamoja na kishikio chake, silinda ya juu na ya chini ya klachi pamoja na mpira wake, mkono wa gia na kebo zake mbili, stata, na kompyuta ya injini pamoja na vipande vya nyaya za giaboksi. Ekseli zisisahauliwe, kwa sababu huenda zile za otomatiki zikatofautiana na za gia za mkono kwa urefu au kwa meno, hata kama kwa macho zaonekana sawa.

Sahani ya klachi, bamba liibanalo, na beringi yake vinunuliwe vipya. Ni hasara kutia sahani iliyotumika, maana ikilika baada ya miezi michache itabidi giaboksi yote ishushwe tena. Vivyo hivyo sili ya mafuta iliyo nyuma ya injini ibadilishwe wakati huu huu. Sili hiyo ikivuja, mafuta huingia katika klachi, na klachi yenye mafuta huteleza.

KAZI YENYEWE

Katika Corolla injini imelazwa kukabili upana wa gari, giaboksi iko ubavuni mwake, na magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo. Kwa sababu hiyo giaboksi ikiondolewa injini hupoteza mhimili, nayo lazima ishikwe kutoka juu kwa mnyororo au kwa mtambo wa kuinulia. Tena mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kusimamishia gari ni vigingi vya chuma vilivyo imara.

Fundi huanza kwa kufungua betri. Kisha humwaga mafuta, hutoa ekseli, na kufungua bolti zinazoishika konvata. Giaboksi na konvata hushushwa pamoja. Nyuma ya injini hubaki bamba jembamba la chuma lililokuwa likiizungusha konvata. Bamba hilo hutolewa na flaiwili huwekwa mahali pake. Hapa fundi mwangalifu hujulikana. Flaiwili ni nene kuliko bamba, kwa hiyo bolti za bamba hazifai kuishika. Hutumiwa bolti zilizo za flaiwili, nazo hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha kiwanda. Flaiwili iliyolegea wakati injini yazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika yaweza kupasua nyumba ya klachi na kuumiza watu.

Uso wa flaiwili ukiwa na mikwaruzo au madoa ya moto, hupelekwa kwa fundi wa mashine akausawazisha. Sahani ya klachi huwekwa katikati barabara kwa kifaa cha kulinganishia, la sivyo shafti ya giaboksi haitaingia. Katika magari ambayo magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo, kama Corolla za miaka ya 1970, kuna jambo jingine la kukumbuka: mwishoni mwa shafti kuu ya injini huwa na beringi ndogo ishikayo ncha ya shafti ya giaboksi, na injini iliyotoka kwa otomatiki huenda haina. Beringi hiyo ikisahauliwa, giaboksi italia na kuharibika.

Ndani ya gari, pedali pana ya breki ya otomatiki hutolewa. Ikiachwa, mguu utakaokanyaga klachi waweza kuigusa breki pia. Pedali mbili za gari la gia za mkono hutiwa mahali pake, na silinda ya juu ya klachi hufungwa katika ukuta ulio kati ya injini na dereva. Fundi anapomaliza, na atazame mara mbili pini iunganishayo pedali ya breki na fimbo yake, pamoja na kibanio cha pini hiyo. Ni chombo kidogo kisichozidi urefu wa kidole, lakini kikidondoka gari halina breki.

Klachi hutumia mafuta ya breki, nayo hewa yote hutolewa katika mpira wake mpaka pedali iwe ngumu. Giaboksi nayo hutiwa oili yake yenyewe, si yale mafuta mekundu ya otomatiki, mpaka ifike kwenye tundu la kujazia. Mabomba mawili yaliyokuwa yakipeleka mafuta ya otomatiki kupozwa katika rejeta huondolewa, na midomo yake huzibwa ili vumbi lisiingie.

NYAYA ZILIZO NA HATARI

Kazi ya chuma ikiisha, watu wengi hudhani kazi yote imekwisha. Hufungua ufunguo, na stata haizunguki. Sababu yake ni hii: katika motokaa ya otomatiki kuna swichi kwenye giaboksi iruhusuyo injini kuwashwa katika herufi P na N peke yake. Swichi hiyo sasa imeondoka, na mkondo wa umeme umekatika.

Mafundi wengine huunganisha tu nyaya mbili, na injini ikawaka. Lakini gari hilo limepoteza mlinzi wake. Mtoto akigeuza ufunguo wakati gari limeachwa katika gia, au dereva aliyezoea otomatiki akisahau kukanyaga klachi, gari litaruka mbele papo hapo, na aliyesimama mbele yake hana nafasi ya kukimbia. Lililo bora ni kupitisha mkondo huo katika swichi iliyofungwa juu ya pedali ya klachi, ili injini isiwake mpaka klachi imekanyagwa. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na giaboksi.

Waya wa pili ni wa taa nyeupe za nyuma. Katika otomatiki taa hizo huwashwa na swichi ile ile iliyoondolewa. Giaboksi ya mkono ina swichi yake ya gia ya nyuma, nayo lazima iunganishwe, ili walio nyuma wajue kuwa gari larudi kwao.

Kadhalika kompyuta ya injini itazamwe. Ikiwa giaboksi iliyotolewa ilikuwa ikiongozwa na kompyuta, kompyuta hiyo itaendelea kuitafuta bila kuiona, na huenda ikawasha taa ya onyo au kuifanya injini izunguke vibaya gari likisimama. Kompyuta ya gari la gia za mkono lenye injini ile ile huondoa taabu hiyo. Kipimo cha mwendo nacho kijaribiwe, maana kikisoma uongo dereva atavunja sheria bila ya kujua. Na magari yenye kufuli izuiayo ufunguo kutoka mpaka gia iwe katika P yatahitaji kufuli hiyo irekebishwe.

Kwa magari ya miaka ya karibuni mambo ni magumu zaidi. Humo kompyuta za injini, giaboksi, breki na ufunguo huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na kuondoa moja ni kuzitia nyingine katika mashaka. Ugeuzaji huu ni wa magari ya zamani. Mwenye gari jipya afadhali aitengeneze otomatiki yake.

DEREVA NAYE AGEUKE

Gari likibadilika, dereva naye hana budi kubadilika. Aliyejifunza na kupewa leseni ya magari ya otomatiki peke yake hana ruhusa ya kuliendesha gari hili mpaka ajaribiwe upya. Aidha kampuni ya bima iarifiwe kwa barua, ili siku ya ajali isipatikane sababu ya kukataa kulipa.

Jambo jingine ni kuegesha. Katika otomatiki, herufi P huzifunga gia kwa jino la chuma, na madereva wengi wamezoea kulitegemea hilo na kuisahau breki ya mkono. Gari la gia za mkono halina jino hilo. Breki ya mkono iliyokaa bila kutumiwa miaka kumi huenda imeshikwa na kutu au kebo yake imelegea. Basi nayo itengenezwe katika kazi hii hii, na dereva azoee kuivuta kila asimamapo, na kuacha gari katika gia mahali penye mteremko.

KUIPIMA KAZI

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwenye gari na alijaribu gari mwenyewe mahali palipo wazi. Atazame kwanza kama injini inakataa kuwaka bila klachi kukanyagwa. Atie gia ya nyuma, na mtu mwingine asimame kando atazame taa nyeupe. Aingize gia zote moja moja, gari likiwa limesimama, kisha likienda. Zisigome wala kulia. Aende kilima kwa gia ya juu na kukanyaga mafuta: mlio wa injini ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Avute breki ya mkono katika mteremko na kuliacha gari katika fri, yaani bila gia yoyote, mguu wake ukiwa tayari juu ya breki; lisisogee. Mwisho alirudishe kwa fundi, likainuliwe na kusimamishwa juu ya vigingi, ili itazamwe chini kama kuna tone la oili. Baada ya kilomita mia chache bolti za vikalio na viungo vya klachi vitazamwe tena.

Kazi ikifanywa hivyo, motokaa iliyokuwa imelala juu ya magogo yaweza kumhudumia mwenyewe miaka mingi tena. Lakini ikifanywa nusu nusu, kwa kuunganisha nyaya ovyo na kutia vyombo visivyopatana, mwenye gari atakuwa amelipa fedha zake mara mbili, na watu wa barabarani ndio watakaopata hasara ya tatu. Kwa hiyo asiyeweza kununua ukoo mzima wa vyombo hivyo ni heri asubiri mpaka aweze, au aliuze gari kwa hali lilivyo, naye amwambie mnunuzi kweli yote.